Sentimita moja ya Ziwa Victoria

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Zidisha eneo hilo kwa kina cha sentimita moja tu, unene wa kidole, unapata mita za ujazo milioni 688. Kwa jerikani za lita 20 ni bilioni 34 na ushee. Shika hesabu hii. Karibu kila ubishi unaousikia Jinja, Entebbe au Ggaba kuhusu bwawa la Nalubaale, ukuta wa umeme uliojengwa Jinja nchini Uganda pale Nile inapotoka ziwani, iwe ni umeme kukatika au maji kuingia majumbani, huwa mwepesi ukiwa na namba hiyo mkononi.

Watu wakitaja maziwa ya kutengenezwa na binadamu barani Afrika hutaja Kariba kule Zambezi, Volta nyuma ya ukuta wa Akosombo, na siku hizi lile la Ethiopia. Nalubaale haitajwi, kwa kuwa ziwa lilikuwepo kabla ya ukuta. Lakini Kariba likijaa hubeba kilomita za ujazo 180 hivi, na hizo ukizimimina juu ya Victoria zinaliinua kwa mita 2.6. Bwawa kubwa la Ethiopia, lililozua maneno mengi hivyo, hubeba 74, yaani sentimita 108 za Victoria. Ukuta wa Jinja ulisanifiwa kuweza kudhibiti tabaka la mita 3 hivi la ziwa lote, zaidi ya kilomita za ujazo 200. Kwa kipimo hicho ndilo bwawa kubwa kuliko hayo yote. Kituko ni kwamba tangu siku ya kwanza ilikubaliwa lisitumike kama bwawa.

Kabla ya ukuta, mlango wa ziwa ulikuwa mwamba. Maji yalitoka juu ya maporomoko ya Ripon, na mwamba huo ndio uliokuwa ukipima: ziwa likipanda maji mengi yanapita, likishuka yanapita kidogo. Hakuna aliyekuwa akifungua wala kufunga. Wajenzi walipoweka ukuta kwenye maporomoko ya Owen, chini kidogo ya Ripon, walilipua mwamba na kuchimba njia ya maji pale juu ili maji yafike kwenye mitambo bila kizuizi. Toka hapo kazi ya mwamba ikawa ya milango. Ukuta una urefu wa mita 831 na kimo cha mita 30 hivi. Una milango sita ya kumwagia maji na mashine kumi za kufua umeme. Ulifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954. Jina la Nalubaale, ambalo ndilo jina la ziwa lenyewe kwa Kiganda, lilikuja kuchukua nafasi ya Owen Falls baadaye.

Misri ilikuwa na neno katika jambo hili, na neno lake liliandikwa. Kwenye barua za makubaliano kati yake na Uingereza, za 1949 na 1953, mtambo uliruhusiwa kwa sharti kwamba maji yaendelee kutoka kama mwamba ulivyokuwa ukiyatoa, na mhandisi wa Misri akae Jinja kushuhudia. Ndipo ulipotoka mchoro unaoitwa Mkunjo wa Makubaliano. Ni mstari tu kwenye karatasi: upande mmoja kimo cha ziwa kwenye kipimo cha Jinja, upande wa pili kiasi cha maji yanayopaswa kutoka siku hiyo.

Namna ya kuusoma ni hivi. Kipimo cha Jinja hakianzii usawa wa bahari. Sifuri yake iko mita 1,122.86 juu ya bahari, kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba ziwa liko 1,135.86, ondoa 1,122.86 ubaki na 13.00. Wengi hukwama hapa: taarifa moja inasema 13, nyingine inasema 1,135, watu wanadhani mmoja anadanganya. Ukishapata kimo cha kipimo, mkunjo unakupa mtiririko. Kwenye mita 10.5 ni kama mita za ujazo 430 kwa sekunde. Kwenye 11 ni 620 hivi. Kwenye 12 ni 1,100, kwenye 13 ni karibu 1,700. Angalia jinsi unavyopanda kwa kasi: toka 11 hadi 12 unaongeza mita za ujazo 480, toka 12 hadi 13 unaongeza karibu 600. Mwamba ndivyo ulivyokuwa. Kadiri maji yanavyozidi kimo ndivyo upana na kasi vinavyoongezeka kwa pamoja.

Sasa geuza maji kuwa umeme. Kila mita ya ujazo moja inayoanguka kwa sekunde kutoka kimo cha mita 20, ambacho ndicho kimo cha Jinja kwa makadirio, hutoa kama kilowati 170 baada ya hasara za turbini na jenereta. Mita 1,100 kwa sekunde ni megawati 187. Mita 430 ni megawati 73. Fanya hesabu hiyo kisha tazama kibao cha kituo: Nalubaale mashine kumi za megawati 18 baada ya kukarabatiwa toka 15 za awali, jumla 180. Kiira, kituo cha pili kinachonyweshwa na mfereji wake wa zaidi ya kilomita moja uliochimbwa kando, kina mashine tano za megawati 40, jumla 200. Vyote viwili ni 380. Ili 380 zitoke zote kwa mpigo unahitaji maji zaidi ya mita 2,200 kwa sekunde. Mkunjo hautoi kiasi hicho mpaka kipimo kifike karibu mita 13.8, na kimo hicho hakijaandikwa hata siku moja tangu watu waanze kupima.

Kwa hiyo ukisikia mtu akisema Jinja ina megawati 380, muulize: kwa maji yapi? Megawati za kwenye kibao zinapima ukubwa wa mdomo. Chakula kinapimwa kwenye kipimo cha ziwa.

Mdomo huo ulipanuliwa kwa sababu. Kati ya Oktoba 1961 na Mei 1964 mvua zililiinua ziwa kwa mita 2.5 hivi, na kwa miongo iliyofuata likabaki juu kuliko nusu ya kwanza ya karne. Waliopanga Kiira walikuwa na rekodi hiyo mbele yao, na mashine zake za kwanza zikaanza kazi mwaka 2000. Mtu akipima mto wakati umejaa, akanunua ndoo kulingana na alichokiona, ndoo itakuwa kubwa siku mto ukirudi kwenye hali yake. Hapa kuna jambo moja zaidi, nalo ni baya: ndoo kubwa inaweza kuchota hata yasiyo yake. Kabla ya Kiira, turbini za kituo cha zamani zilikuwa na kikomo. Vituo vilipokuwa viwili, ikawezekana kulishusha ziwa kwa kufua umeme tu.

Ndicho kilichotokea kati ya 2003 na 2006. Mvua zilikuwa haba, mahitaji ya umeme yanapanda, hakuna kituo kingine kikubwa. Maji yakatolewa kupita mkunjo. Kufika mwisho wa 2006 kipimo kilikuwa karibu na mita 10.4, kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1920. Wachambuzi waliopitia hesabu za kipindi hicho waligawanya lawama karibu nusu kwa nusu: ukame sehemu moja, kutoa maji kupita kiasi sehemu nyingine. Boti zikakwama kwenye matope, magati yakabaki hewani, na mwaloni mvuvi akalazimika kubeba mukene (dagaa kwa wa Tanzania, omena kwa wa Kenya) hatua nyingi zaidi kabla ya kufika pa kuanika. Na umeme wenyewe haukuokoka. Kwenye 10.4 mkunjo unatoa mita 400 tu, yaani megawati 68 kati ya 380. Kampala ikazoea mgawo wa umeme, huku mitambo ya dizeli ya kukodi ikiunguza fedha. Ukikopa kwenye ziwa unalipa mara mbili: maji yamepungua, na kila tone lililobaki linaanguka kutoka kimo kifupi zaidi.

Upande wa pili wa sarafu ni 2020. Oktoba 2019 kipimo kilikuwa mita 12 hivi. Mwisho wa Aprili 2020 kilikuwa 13.32, na katikati ya Mei kikafika 13.42, juu ya ile rekodi ya Mei 1964 ya 13.41. Mei 2024 maji yakapita hata hapo. Mialo ikazama, majengo ya ufukweni yakaingiliwa, na sauti ikawa moja: fungueni milango. Fanya hesabu kabla ya kuungana na sauti hiyo. Kupanda mita 1.32 ni kilomita za ujazo 90 zilizoongezeka juu ya zile zilizotoka. Ukizigawanya kwa miezi saba, ziwa lilikuwa likijilimbikizia karibu mita za ujazo 5,000 kila sekunde. Kuzuia kupanda huko kungehitaji kumwaga kiasi hicho juu ya kile kilichokuwa kikimwagwa, usiku na mchana, miezi saba mfululizo. Mto wa Jinja hauna koo la namna hiyo, na watu wa Kyoga, ziwa ambalo Nile hulipitia kule chini, wangeelea.

Hata nyongeza ya kawaida haifiki mbali. Ongeza mita 500 kwa sekunde, ambazo si haba: kwa siku ni mita za ujazo milioni 43. Sentimita moja inahitaji milioni 688. Siku 16 kwa sentimita moja, mwezi mzima usipate hata mbili. Mtu mwenye nyumba yenye maji ya goti angesubiri miaka.

Sababu iko kwenye mbingu, haiko kwenye milango. Zaidi ya asilimia 80 ya maji yanayoingia Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote, Kagera ikiwemo ambayo ndiyo kubwa kuliko mingine, inaleta kilichobaki. Jua nalo hurudisha hewani sehemu kubwa ya maji hayo, kiasi cha mita moja na nusu ya kina kwa mwaka. Nile inachukua kidogo: mita 1,000 kwa sekunde mwaka mzima ni sentimita 46 tu za ziwa. Mvua ikizidi wastani kwa sentimita 46, imefuta kazi ya milango ya mwaka mzima. Ikipungua kwa kiasi hicho hicho, ni kama Nile mbili zimetoka. Ndani ya mwaka wa kawaida tarajia kilele Mei au Juni, baada ya mvua za masika, na bonde mnamo Oktoba na Novemba. Mtu anayelinganisha kipimo cha Mei na cha Novemba kisha akatangaza kwamba ziwa linakauka, amepima majira.

Wimbi la kupanda huja na mzigo mwingine ambao hauonekani kwenye kipimo: visiwa vinavyoelea. Mafunjo humea ukingoni, mizizi yake imesukana na udongo mweusi kama mkeka mnene, pengine zaidi ya mita moja. Maji yakipanda haraka mkeka huwa mwepesi kuliko maji chini yake, mizizi inachomoka, upepo unauchukua. Ghuba ya Napoleon ni kama faneli na Jinja ndiyo shingo yake, kwa hiyo vingi huishia hapo. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kimoja cha ekari kadhaa kilifika kwenye mitambo, na Uganda nzima ikawa gizani.

Mfuatano wake ni huu. Mbele ya kila turbini kuna chekeche la nondo za chuma linalozuia takataka. Mkeka ukilalia chekeche, maji mbele yanabaki juu na nyuma yake yanashuka. Tofauti hiyo ikikua, turbini inapungukiwa maji, inaanza kuvuta hewa na kutetemeka, na kinga inaizima kabla haijaharibika. Ikizimika moja, gridi bado inastahimili. Zikizimika kadhaa kwa pamoja, mzigo uleule unabaki kwa mashine chache, masafa ya umeme yanashuka chini ya hezi 50, na kinga za vituo vingine nazo zinaanza kujiondoa. Dakika chache, kwisha. Kuondoa mkeka ni kazi ya mikono na mashine: boti zinausukuma kando, eskaveta iliyopandishwa kwenye jahazi bapa inaukata vipande, malori yanabeba. Ukiukata karibu na milango bila kuufunga kamba kwanza, vipande vinaingia kwenye chekeche vibaya kuliko mkeka mzima.

Magugumaji ni adui wa aina nyingine. Yaliyoenea ziwani toka mwishoni mwa miaka ya 1980 hayana uzito wa kuziba chekeche kama mafunjo, lakini vipande vyake vidogo hupenya hadi kwenye mabomba ya maji ya kupoza mashine. Chujio likijaa, beringi zinapata joto, mashine inazimwa. Mbawakawa walioachiwa katikati ya miaka ya 1990 walisaidia sana kuyapunguza, ila hayakuisha.

Na ukuta wenyewe unaumwa. Saruji ya jengo la mitambo la Nalubaale ina ugonjwa wa kuvimba: kokoto zake zina silika inayoungana na alkali ya saruji, na palipo na unyevu inazaliwa rojo inayofyonza maji na kutanuka. Kwa bwawa unyevu haukosekani. Saruji ikivimba hata milimita chache, nyufa zinajitokeza, nguzo zinasogea, na pete inayozunguka mapanga ya turbini inapoteza mviringo wake mpaka mapanga yanakaribia kukwaruza. Ugonjwa huu hautibiki. Unapimwa, nafasi zinakatwa ili saruji ipate pa kupumulia, mashine zinanyooshwa upya, na mzunguko unaanza tena.

Habari njema ni kwamba tone la Jinja siku hizi halifanyi kazi mara moja. Linashuka Bujagali, megawati 250, iliyokamilika 2012. Halafu Isimba, 183, tangu 2019. Likishavuka Kyoga linaingia Karuma, yenye mashine sita za megawati 100 chini ya ardhi, iliyozinduliwa Septemba 2024. Karuma kimo ni mita 70 hivi, kwa hiyo maji yaleyale yaliyotoa megawati 170 Jinja hutoa karibu 600 huko. Lakini hifadhi ya vituo hivi ni ndogo. Bwawa la Bujagali lina maji ya kuchezea ya saa chache tu, kisha linategemea kilichofunguliwa juu. Jinja ikipunguza, wote chini wanapunguza. Kyoga peke yake ndiyo inayotuliza mambo, kwa kuyachelewesha maji, nayo ina tabia zake: baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 mlango wake uliziba kwa mimea iliyong'oka, maji yakarudi nyuma juu ya vijiji.

Kwa anayefua nguo, anayechota mchanga au anayevua kwa mtumbwi chini ya ukuta, jambo la kushika ni saa. Matumizi ya umeme Uganda hufika kilele jioni, kati ya saa moja na saa tano usiku, na mitambo hufunguliwa kuyafuata. Mto unaweza kupanda jioni bila tone la mvua kunyesha popote. Jiwe lililokuwa kavu saa kumi alasiri linaweza kuwa chini ya maji saa mbili usiku. Usifunge mtumbwi kwa kamba fupi, wala usiache nyavu kwenye mawe ya katikati ukitegemea kuzirudia baada ya chakula.

Na kwa anayenunua kiwanja ufukweni: kanuni za mazingira za Uganda za mwaka 2000 zinataka mita 200 kutoka ukingo wa ziwa kubwa kama hili, na mita 100 kutoka ukingo wa Nile. Muuzaji atakupimia kutoka maji yalipo siku hiyo, hasa kama ni Oktoba. Mwambie akuonyeshe alama ya Mei 2024 kwenye ukuta wa jirani au shina la mti. Kama haonyeshi, waulize wauza samaki wa mwalo ulio karibu, halafu anza kupima kutoka hapo.